Bonyeza Sita

Nabbosa ameolewa na mume aliyetoweka miaka sabini na kitu kabla yeye hajazaliwa, na ukimuuliza habari za ndoa hiyo atakwambia hajawahi kupata bora. Mume wake wa kwanza alikuwa dereva wa lori, Masaka hadi Kampala, na Kampala hadi popote alipopata kisingizio cha kulala. Huyo alikuwa analewa, ananuna, anarudi nyumbani amevaa soksi za mtu mwingine. Huyu wa pili halewi, hanuni, hamwambii mtu chakula kina chumvi. "Kasoro yake moja tu, haonekani," husema Nabbosa. "Lakini yule wa kwanza naye alikuwa haonekani, na hata ukabaka hakuwa nao!"

Huyo wa pili ndiye Kabaka, mfalme, wa kilima cha Bulamazi. Kwetu Buganda Kabaka hafi, na ukisema amekufa mbele ya watu wazima utatazamwa kama umetapika mezani. Kabaka huingia msituni, akatoweka. Msitu wenyewe umo ndani ya nyumba yake, nyuma ya pazia la magome ya mti, na hakuna anayechungulia. Kasri linabaki lake, na wake zake wanabaki wake zake. Mmoja akiondoka duniani, ukoo wake huleta mwanamke mwingine akalie mkeka uleule, chini ya nyasi zilezile za paa.

Nabbosa ni wa ukoo wa kamongo, samaki asiyemla hata kwa kulazimishwa. Shangazi yake, aliyekuwa akiukalia mkeka huo, alipofariki, wazee wa ukoo walikaa wakatafuta mwanamke asiye na mume na asiye na mdomo. La mume walilichunguza vizuri. La mdomo lilikuja kujulikana baadaye, na wakati huo alikuwa ameshakaa.

Alikuwa na miaka hamsini na moja, anakaanga chapati na mayai stendi ya Masaka, na watu walimcheka kwamba anakwenda kuolewa na pazia. Alifunga jiko, akapanda kilima na sanduku moja. Sasa ni mwaka wa kumi na moja.

Mkeka una sheria yake, nayo ni fupi: haukai wazi kutwa. Mke wa Kabaka akienda hospitali au msibani, lazima mtu wa ukoo wake aje kukaa. Jua likichomoza na kuzama mkeka uko mtupu, ukoo umeurudisha, na haupewi tena, si kesho, si kwa wajukuu. Ukoo wa senene ulipoteza wao hivyohivyo. Mwanamke wao alikwenda harusini Mukono kula pilau, akarudi asubuhi akakuta kikapu chake kimewekwa nje ya mlango. Mpaka leo ukitaka kugombana na mtu wa senene, muulize tu pilau ilikuwaje.

Sasa kamati ya kasri ikaleta meneja mpya, Kalibbala, kijana wa hotelini, viatu vimechongoka kama mdomo wa kunguru. Na kwa bahati ya Mungu, mtu wa senene.

Kalibbala alileta vidude arobaini vya kuning'iniza shingoni, kila kimoja na hedifoni zake. Mgeni hahitaji tena mtu wa kumtembeza. Anavaa, anafuata vijiti vyenye namba, anabonyeza, Sauti inamsimulia. Moja ni langoni, mbili nyumba ya ngoma, tatu uwanja, na kuendelea. Sita ikaangukia ndani ya nyumba kubwa, hatua moja kutoka mkeka wa Nabbosa.

"Mama, sikiliza na wewe," Kalibbala akamvisha kidude kwa heshima, bila kumgusa. "Hii ni kazi ya kisasa."

Nabbosa alifurahi. Alikaa kama mtu anayepigwa picha. Sauti ya mwanamume ikaja, nzito, tamu, kama asali inayomiminwa polepole: *Katika nyumba hii waliishi wake wa mfalme. Baada ya mfalme kufariki walibaki kumlilia. Mjane wa mwisho aliondoka zamani sana, na mkeka mtupu ulio mbele yako ndio kumbukumbu pekee.*

Nabbosa akatazama mbele yake. Akautazama mkeka. Akajitazama magoti yake mwenyewe yaliyokuwa juu ya mkeka.

"Huyu ni nani?"

"Mtaalamu, mama. Mtangazaji wa mjini."

"Mwambie nipo. Na mwambie Kabaka hajafariki, asije akatuletea balaa."

"Haibadilishiki, mama. Imerekodiwa kwa lugha tano."

"Hata mimi sibadilishiki. Na nimezaliwa kwa lugha moja tu."

Kalibbala akachuchumaa, akashusha sauti kama anayeuza shamba la mtu. Jumamosi ni uzinduzi. Wageni watakuja tangu alfajiri, wapo watakaotaka kupiga picha jua likichomoza, na wa mwisho watatoka magharibi. Siku hiyo moja tu, mama akae nyumba ya jikoni, aletewe luwombo, kuku aliyepikwa ndani ya jani la mgomba, apumzike. "Maana mgeni akisikia mkeka mtupu halafu akaona mama mnene, anachanganyikiwa."

"Nani mnene?"

"Nimesema mama mwema."

"Tangu jua lichomoze mpaka lizame," Nabbosa akarudia polepole. "Kalibbala, mwanangu wa senene, unafikiri sijui kuhesabu saa? Nyinyi mkeka wenu mliulia pilau. Wangu unataka niulie luwombo?"

"Hayo mambo ya mikeka ni ya zamani, mama."

"Hata kidude chako kinasema mimi ni wa zamani. Basi tuache na mambo yetu."

Meneja alitoka amevimba. Nyuma ya nguzo kikatoka kicheko kikavu. Alikuwa Nantume, mke mwenza, ajuza wa miaka themanini, ambaye mkeka wake uko gizani na haukupewa namba.

"Wewe cheka," Nabbosa akamwambia.

"Nisicheke vipi? Mke mwenzangu umekufa na kazi za jikoni bado hujamaliza. Ukoo wako wote wanawake wako wapi, wa kukukalia?"

Hilo ndilo lililomkosesha raha. Mpwa wake mmoja alikuwa Dubai akilea watoto wa watu, wa pili amejifungua juzi. Hakuna wa kumkalia. Akiinuka Jumamosi, mkeka wa shangazi, wa bibi, wa wale wote waliokaa hapo tangu Kabaka aingie msituni, unakwenda. Na atakayeupoteza ni yeye Nabbosa, muuza chapati wa Masaka, waliyemcheka. Hilo hakuwa tayari kuwapa.

Jumamosi jogoo hajawika alikuwa ameshajifunga gauni lake la gomesi, la manjano, mabega yamesimama kama mabawa ya tai anayetafuta ugomvi. Akaweka kikapu kidogo cha buni mbele yake. Kwetu mgeni akiingia hupewa buni atafune, na kabla ya buni ni salamu. Salamu yenyewe si neno moja la kutupiana kama mfupa. Unapiga magoti, unauliza alikotoka, anakujibu, mnaguna "mmm", mnaguna tena, mpaka nyote mhakikishe kwamba mwenzio yupo kweli. Asiyesalimiwa hajafika, hata kama umemwona.

Wageni wakaingia pekupeku, masikio yamezibwa. Nabbosa akamwinamia mama wa kwanza, amevaa miwani. "Habari za mlikotoka, nnyabo?"

Mama akaitazama nguzo, akatabasamu, akapita.

Wa pili akampita kama unavyopita kabati. Wa tatu aliupiga picha mkeka, akamwashiria Nabbosa kwa mkono asogee kidogo, asiharibu picha.

"Kwa heri, marehemu!" Nantume akacheka gizani.

Hapo ndipo Nabbosa alipoinua kikapu cha buni akakiweka katikati ya njia, pale pembamba kati ya mkeka na nguzo. Kitu kidogo tu, kikapu cha ukili. Lakini hakuna Mganda atakayeruka kikapu cha nyumba ya Kabaka, bora umwambie aruke mto Nile. Aliyefuata alikuwa mzee wa kanzu kutoka Mityana. Akasimama ghafla kama amekuta nyoka. Wa nyuma yake akamgonga mgongo. Wageni wa mbali, walipoona wenyeji wamesimama, nao wakasimama. Foleni ikajaa mpaka mlangoni, na ndani ya masikio yao Sauti haikusubiri mtu: *Sasa unatazama kisima cha mfalme*. Watu ishirini wakamkodolea Nabbosa macho wakitafuta maji.

Kalibbala akaja mbio, amevua viatu, soksi zimetoboka vidole viwili. "Mama, ondoka! Unaniharibia siku!"

"Niondoe."

"Mama…"

"Niguse basi. Mimi mke wa Kabaka. Nyoosha mkono, senene, watu waone."

Mkono haukunyooka. Tangu dunia iumbwe hakuna mwanamume aliyemshika mke wa Kabaka akazeeka vizuri. Kalibbala akazunguka mkeka kama kuku anayezunguka chungu, kisha akatoka, akarudi na mgeni rasmi mwenyewe, ampe mama maneno laini. Mtu mrefu, suti ya kijivu, kidude shingoni kama mkufu.

"Shikamoo mama," akasema yule mtu, bado amesimama. "Naitwa Mubiru. Tunaomba utusaidie kidogo…"

Nyumba nzima ikamsikia, maana sauti ile haikuwa ya kunong'ona. Asali inayomiminwa polepole. Nabbosa akainua kichwa.

"Aa! Ndiye wewe."

"Mimi ni nani, mama?"

"Hilo ndilo ninalokuuliza. Mtoto wa nani?"

Swali hilo hakuna Mganda anayelikwepa, hata awe amevaa suti tatu. "Mtoto wa Mukasa," akajibu.

"Mukasa wamejaa kama mchwa. Mjukuu wa nani?"

"Mjukuu wa Walugembe, wa Bukakata, ziwani."

"Ukoo?"

Nadhani mtangazaji alishaona shimo, ila alikuwa ameshachelewa kurudi nyuma. "Kamongo."

Mzee wa Mityana akaguna. Nyuma ya nguzo Nantume akapiga makofi mara moja tu, pwaa.

"Basi mimi ni shangazi yako," akasema Nabbosa, taratibu kabisa. "Babu yako Walugembe na baba yangu walikula sahani moja. Mkeka huu ni wa ukoo wako. Mjini wamekuweka chumbani, wamekupa maji ya chupa, ukawatangazia watu kwa lugha tano kwamba shangazi yako hayupo. Hata mwizi akitaka kuiba hubisha hodi kwanza asikie kama kuna mtu. Wewe ulibisha?"

"Niliandikiwa, shangazi. Mimi nilisoma tu."

"Mdomo ulikuwa wa nani?"

Kwetu shangazi ni baba aliyevaa gomesi. Mubiru akautoa ule mkufu shingoni. Akapiga magoti na suti yake, akamsalimia kama alivyofundishwa Bukakata kabla hajajua kuvaa viatu. Wakaguna, wakaguna tena. Nabbosa akampa buni tatu. Akazitafuna, macho yamemwiva, sijui kwa uchungu wa buni au kwa uchungu mwingine.

"Sasa yaseme hapa yale maneno yako ya namba sita," akasema Nabbosa. "Hapa, machoni pangu. Nikiona nimetoweka nitakwenda jikoni mwenyewe."

Mubiru akawageukia watu: "Huyu ni shangazi yangu. Toeni hivyo vitu masikioni, mkae, mumsalimie."

Wakakaa. Hata mama wa miwani alirudishwa kutoka namba tisa. Mmoja mmoja wakasalimiwa, wakaulizwa walikotoka, wakapewa buni, na wale wa mbali walikunja nyuso kwa uchungu, wenyeji wakawacheka vizuri. Hedifoni zilikuwa mapajani, na kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kuzizima, arobaini nzima zilinong'ona kwa pamoja habari za mjane aliyeondoka, kama senene ndani ya gunia.

Ratiba ya Kalibbala ilikufa hapo. Jua likazama juu ya kilima, na mkeka haukuwa wazi hata kidogo. Nabbosa alikuwa ameujaza, kwa unene wake wote.

Jioni meneja alikuja kufunga. Alisimama karibu na kijiti cha namba sita, ambacho Nabbosa alikuwa ameshakitundikia mkoba wake.

"Mubiru ameahidi kuandika barua kwa kamati," akasema. "Lakini kamati ndiyo kamati. Sauti itabaki ilivyo."

"Ibaki. Nani amekukataza?"

"Na Jumatatu wanakuja wengine."

"Waje. Buni ipo."

Kalibbala akataka kuondoka, ila kikapu kilikuwa bado njiani. Akakitazama. Akatazama mlango. Mwishowe akapiga magoti, akasalimia, akanyoosha mkono.

"Chukua ya pili," Nabbosa akamwambia. "Ya kwanza yako. Hiyo ya bibi yenu wa Mukono, na yeye hakusalimiwa alipotoka."

Kidude bado kipo. Ukienda Bulamazi watakuvisha, na ukifika ndani utabonyeza sita, utaambiwa kwa sauti tamu kwamba mjane wa mwisho aliondoka zamani sana. Nabbosa hana hedifoni, lakini ameshawasoma wageni nyuso, anajua kabisa ni wakati gani neno hilo linafika sikioni. Anakusubiri ulimalize. Kisha anakisukuma kikapu mbele ya vidole vyako vya miguu.

"Umemsikia mpwa wangu anavyodanganya?" anasema. "Haya, kaa. Habari za ulikotoka?"