Mama wa Odowa

Ilikuwa 2019. Hapana, 2021, maana Kamene, mke wa kijana wangu, alikuwa na mimba. Pale steji ya Kawangware 56, Nairobi, yule mama wa odowa, mawe laini ya kutafunwa na wajawazito, hupangusa kila jiwe kwa leso, hulinusa, na huongea polepole kama anayemwambia mtu aliye nyuma yako. Kamene alipoitisha, nikiwa naye, mama huyo alimvuta kope la chini kwa kidole baridi, akaona weupe.

“Sikuuzii, mami. Enda kliniki sasa hivi. Damu yako imekosa chuma, na haya mawe yatakumaliza. Chuma hupikwa ndani ya nyota, inapasuka, inamwaga vumbi. Nyota nyingi zilikufa ndio wewe upate kidogo.”

Nikamuuliza mama huyo, na baadaye hata daktari: nyota zikiisha, watoto watatoa wapi damu?