Kiti cha Mlango wa Dharura

Soja anayelinda ile shule ya ghorofa pale mtaani Pipeline hana mchezo na ngazi. Akikuta ndoo, ataitupa uani. Akikuta jiko la mpishi, atalibeba likiwa bado na makaa. "Moto ukitokea, watoto wataruka hii?" hufoka, kisha hurudi kujibwaga kwenye kiti chake cha plastiki, alichokiweka, ajabu, katikati ya mlango wa dharura.

Nurto, muuzaji wa madera anayemleta bintiye Sabrin kila asubuhi, alikuwa akimcheka kimoyomoyo, mpaka furushi lake alilolitua ngazini nalo lilipotupwa. "Kweli nyani haoni kundule!" akasema, akakinyakua kiti na kutoka nacho uani. Soja akamfuata mbio, na mlango ukajifunga nyuma yao, paa! Kwa ndani Sabrin na wenzake wakausukuma, haukutikisika. "Mama!" Nurto akauvuta kwa nje, wapi! Soja alichomoa kijiko mfukoni, akakichokoa kitasa kibovu ambacho fundi wa mwenye nyumba huahidi kukitengeneza kila kesho, mlango ukafunguka. Akakirudisha kiti mahali pake, akaketi.

"Si ungeweka tu jiwe?" Nurto akauliza, sauti imemshuka.

"Jiwe haliinuki kuwapisha watoto, Mama Sabrin. Wala halitakuambia utoe furushi."