Waliocheka Nje ya Kibanda cha Video

Kuna siku moja naikumbuka kuliko siku zangu zote za usichana, mwanangu. Ilikuwa siku ya gulio pale Mabamba, jioni, jua bado halijazama, nje ya kibanda cha video. Keti nikusimulie. Usiniambie una haraka, kwa sababu jana ulishinda barazani kwangu tangu adhuhuri mpaka kuku wakaingia bandani, wewe na wenzako, mnajadili picha ya Kihindi mliyotoka kuiangalia, na haraka yako sikuiona.

Niliwasikia vizuri. Nilikuwa uani natwanga sombe, majani ya muhogo, lakini masikio hayana mlango. Mmoja anasema stelingi kapigwa risasi kifuani na bado anaimba. Mwingine anamsifu yule dada aliyeigiza mke mdogo, kwamba analia vizuri, na mwenzake anabisha kwamba analia kwa nguvu mno, hata kamasi hazimtoki. Wewe ukasema mwisho umekuudhi, ati watu hawawezi kupotezana utotoni halafu wakakutana ukubwani. Hayo hayakunikasirisha. Mimi picha za Kihindi nazipenda kuliko ninyi nyote. Nilizipenda tangu enzi za mikanda inayokwama na jenereta linalozimika stelingi akiwa ameruka, yuko hewani. Kilichonikasirisha nitakifikia, na nikikifikia utajua. Mzee hakimbizwi katika maneno yake.

Tulikaa Mabamba wakati huo. Mama yangu, Mungu amlaze pema, alikuwa anauza chai na mihogo ya kuchemsha nje ya kibanda hicho, na mimi ndiye niliyemenya mihogo. Kibanda chenyewe kilikuwa cha matofali mabichi, madirisha yamezibwa kwa magunia ili mwanga usiingie, na televisheni moja juu ya meza. Kihindi hakuna aliyekijua. Kulikuwa na kijana anaitwa Deo, amesoma mpaka kidato cha nne Kasulu, ndiye aliyesimama kando ya televisheni akitutafsiria, huku Kiswahili, huku Kiha. Na yeye Kihindi hakukijua hata neno, ila mdomo alikuwa nao.

Na picha ikiisha ndipo utamu unapoanza. Desturi yetu ilikuwa moja: hakuna kuondoka. Watu wanatoka nje, wananunua chai kwa mama, wanaketi juu ya magogo, na kila mtu anatoa hukumu yake. Nani kakosea, nani kaonewa, baba mkwe alistahili kusamehewa au alistahili kile kisima alichotumbukia. Mwenye baraza alikuwa Deo. Deo akisema picha ni mbovu, basi ni mbovu. Deo akikucheka, umechekwa na Mabamba nzima.

Kulikuwa na mama mmoja anaitwa Konsolata. Alikuwa amevuka kutoka Burundi miaka minane hivi nyuma, wakati wa vita, akapewa kichumba kwa watu, analima vibarua. Mwenye kibanda alimruhusu aingie bure kwa kuwa alikuwa anamfagilia. Na kila siku ya gulio, kabla ya picha, Konsolata alikuwa akiketi mbele ya mashine ya kusaga na sinia la karanga, uso ameuelekeza kwenye njia inayotoka mpakani. Tulidhani anatafuta wateja.

Basi siku moja tukaangalia picha ya mama aliyepotezana na binti yake kwenye mafuriko, akazunguka mji hadi mji akimtafuta. Ilipoisha, watu wakaanza hukumu zao. Konsolata hakuwa na desturi ya kusema, lakini siku hiyo alisema.

"Yule mama kakosea," akasema. "Asingezunguka. Angekaa palepale alipompotezea. Mtoto akikua anarudi mahali anapopakumbuka."

Deo akamwuliza amejuaje. Na Konsolata, masikini, akaeleza kila kitu, kwa sababu alidhani ameulizwa. Akasema siku waliyokuwa wanakimbia watu walikuwa wengi, wanasukumana, na walipofika pale kwenye mashine ya kusaga akaona mkono wa binti yake haumo tena mkononi mwake. Mtoto wa miaka minne, Esteri, ana kovu la moto kwenye mkono wa kushoto. Alimtafuta makambini hakumpata. Ndiyo sababu anakaa pale.

Ungedhani watu watanyamaza. Deo akanyanyua kikombe chake akasema, "Mama, hilo sasa picha la Kihindi. Mtaimba lini?"

Watu walicheka, mwanangu. Walicheka mpaka wengine wakamwaga chai ya mama yangu. Tangu siku hiyo hakuwa Konsolata tena, akawa Mama Sinema. Akiketi pale mashineni, vijana wanapita wanamwuliza kama stelingi kashafika. Watoto wanamchezea viuno kama wale wacheza ngoma wa kwenye picha. Wahenga walisema mzaha mzaha hutunga usaha. Magulio hayakupita mengi, Konsolata akaondoa sinia lake. Siku za gulio akawa anashinda kwenye mashamba ya watu huko mbali, anarudi jioni tu kuangalia picha, na anakaa nyuma kabisa ambako haonekani. Mama yangu alimsihi arudi mahali pake, akamwambia hao ni watoto, watachoka. Akajibu, "Wao hawajachoka. Mimi ndiye niliyechoka."

Sasa ndiyo siku ile ninayokwambia. Picha ilikuwa ya mapigano, siikumbuki hata kidogo. Watu wakatoka, wakaketi, chai ikamiminwa, wakamgeukia Deo awape hukumu. Deo akasema ya leo haina maana, yeye ana picha nzuri zaidi, ameiona asubuhi kwa macho yake. Akasimama katikati, maana kuigiza alijua, tena alijua sana. Akabana sauti ikawa ya msichana.

Asubuhi, akasema, limesimama lori la watu wanaorudi kwao ng'ambo. Akashuka msichana, si mtoto, si mtu mzima, akaja mpaka kwenye mashine ya kusaga, anazunguka anaitazama kama anayeikumbuka na haikumbuki. Akamwuliza Deo, "Kaka, kuna mama anakaa hapa? Niliambiwa kuna mama anakaa hapa anamngoja mtoto wake."

"Nikamwambia, dada yangu umechelewa, picha ilishaisha," Deo akasema, na watu wakaanza kucheka. "Nikamwambia huyo mama hayupo, hiyo ni hadithi ya kibandani kwetu, watu wanaipenda. Basi akasimama, machozi hayo. Nikasema huyu naye kaiga kwa nani? Dereva akapiga honi, akapanda, akaenda zake huku anajifuta."

Watu walikuwa wanapiga mapaja. Mimi nilikuwa nimeshika kisu na muhogo, nikaona Konsolata anatoka nyuma ya watu. Hakuna aliyejua kama yupo. Akaja mpaka mbele ya Deo.

"Mkono wake ulikuwaje?" akauliza.

Deo akamtazama. Ile sauti ya msichana ilikuwa imemwishia. Akasema polepole, kwa sauti yake mwenyewe, "Una kovu. Kama la moto."

Konsolata hakulia, hakumtukana. Alishika njia ya mpakani vilevile alivyokuwa, peku, jembe lake akaliacha limeegemea ukuta wa kibanda. Mama yangu aliacha birika mekoni akamkimbilia, akamfungia mihogo kwenye kitenge, akavua kandambili zake mwenyewe akampa. Wale waliokuwa wanacheka walikuwa wameketi vilevile juu ya magogo, kila mmoja anachungulia kikombe chake kana kwamba kuna kitu kimeandikwa ndani.

Mama aliporudi alisimama mbele ya Deo, na miguu yake mitupu. Mama yangu alikuwa mpole, sikuwahi kumsikia akimkaripia mtoto wa mwenzie. Siku hiyo nilimsikia.

"Deo, wewe umesoma," akamwambia. "Wahindi wako, lugha yao huijui, kwao hukujui, na unawalilia mbele yetu mpaka unafuta macho kwa shati. Tumekuona. Huyu anasema maneno unayoyasikia, anakula mihogo unayokula, ukamwona mwongo."

"Mama, nilidhani mzaha," Deo akasema. "Nilidhani na yule msichana katumwa kumtania."

"Ulidhani. Ungemwuliza jina lake, ungepungukiwa nini?"

Deo akainuka. Alichukua baiskeli ya mwenye kibanda akalifuata lori, hilo sitamnyima. Alirudi kesho yake asubuhi, vumbi mpaka kwenye kope. Lori lilikuwa limevuka tangu mchana. Na Konsolata naye alikuwa amevuka, watu wa kule walimwona akiuliza njia.

Hatukumwona tena. Wewe unayependa miisho, nakuona unataka kuniuliza kama alimpata. Sijui. Miaka mingi nimewauliza wanaovuka. Kambi ya Mtendeli ilipofunguliwa tena nilikwenda huko na vitenge vyangu vya kuuza, na kila niliyemuuzia nilimwuliza, una habari za mama anaitwa Konsolata, ana binti anaitwa Esteri, mkono una kovu? Kambi imefungwa, watu wamerudi kwao, na jibu sikulipata. Kulikuwa na mama aliyejua mahali pa kungoja, na mtoto akaja kweli, alikuja mpaka palepale mama aliposema atakuja. Kilichowatenganisha mara ya pili si vita. Ni vijana waliokuwa wanaburudika. Mpaka leo nikikumbuka damu inanichemka, na sitaki ipoe.

Deo yu hai. Ni mtu mzima mwenye wajukuu, tukikutana Kasulu sokoni ananiamkia vizuri. Mara moja alijaribu kuniambia, "Dada, tulikuwa vijana." Nikamwambia ujana hauzibi masikio. Hakurudia.

Na sasa nakifikia kilichonikasirisha. Jana mlipomaliza kuichambua picha yenu, mmoja akatoa simu akawaonyesha mama mmoja analia pale stendi, amekaa chini, kanga imemwanguka, mtu asiye na haya amemrekodi. Mkamwangalia. Halafu mkampa maksi. Mwanangu, mlimpa maksi. Mmoja akasema analia vibaya kuliko yule mke mdogo. Mwingine akasema arudie, hajaiva. Na wewe, niliyekubeba mgongoni ukiwa na surua nikakupeleka zahanati kwa miguu, ukasema, "Picha la Kihindi hilo," ukacheka, ukaituma kwenye kundi lenu la wapenda sinema. Watu wangapi wako humo? Na kati ya wote hao nani aliuliza yule mama analilia nini? Amefiwa? Ameibiwa? Amepotelewa na mtoto? Hamkujua na hamkutaka kujua. Niliacha mchi ndani ya kinu nikaingia ndani, maana ningetoka na ule mchi.

Sikukatazi picha. Ziangalie, lia, bishana na wenzako mpaka mkauke koo. Yule wa kwenye picha analia kwa kazi, ukimcheka hapungukiwi, atavua zile bangili aende nyumbani kwake kula. Lakini mtu wa stendi, mtu wa sokoni, mtu wa mlango wa pili, huyo hana pa kuvulia. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ukimwona analia, uliza kwanza. Uliza jina lake, uliza nini kimempata, halafu uamue kama utamsaidia au utamwamini au utaondoka. Kama huna la kumfaa, nyamaza, kunyamaza nako ni ubinadamu. Akikueleza jambo lake ukaliona kama hadithi, kumbuka kwamba mambo makubwa ya watu wote yanafanana na hadithi kwa mtu ambaye hayajampata. Na hicho kitu ulichokituma kifute sasa hivi mbele yangu, uwaambie na wenzako wafute. Wakikuuliza kwa nini, waambie nyanya yangu amesema. Wakicheka, wakucheke wewe. Wewe una kifua cha kubeba kicheko, yule mama hana.

Haya, nipe mkono. Mungu akujalie maisha marefu, akupe watoto na wasikuponyoke. Akupe sikio lililo jepesi kuliko ulimi wako. Na siku utakapopotelewa, kwa sababu hakuna ambaye hapotelewi, akuweke njiani kwa mtu atakayekuuliza jina lako kabla hajakucheka. Amina, mwana wanje, mwanangu. Sasa washa hiyo simu.