Siku Nilipopimwa kwa Mizani ya Mahindi

Nakumbuka siku kaka yangu Muthama aliponipandisha juu ya mizani ya mahindi ya baba, akasoma kilo zangu kwa sauti, kisha akatangaza kwamba mimi ndiye nitakayeendesha gari lake la mashindano. Hakusema ni kwa sababu najua kuendesha. Alisema ni kwa sababu nilikuwa mwepesi kuliko wote pale nyumbani. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na miwili, mwanangu, na nilifurahi hivyo hivyo.

Muthama alikuwa na karakana ya mabati nyuma ya soko la Machakos. Kazi ilikuwa chache, na baba alikuwa ameanza kumwambia arudi kwetu Kola akashike jembe. Ndipo Bwana Abdi, mfanyabiashara wa ng'ombe aliyekuwa na malori ya kupeleka mifugo Athi River, akatoa neno mbele ya watu. Mpwa wake alikuwa na gari la kutoka ng'ambo lenye injini kubwa, na kila fundi mjini alikuwa akijigamba kwamba angeweza kuunda la kulishinda. Bwana Abdi akachoka na maneno. Akasema karakana itakayomshinda mpwa wake katika mbio za robo maili, ndiyo itakayotengeneza malori yake yote. Muthama alijua kwamba akishinda atabaki fundi, na akishindwa atarudi shambani.

Mchagua jembe si mkulima. Tulianza na pikapu iliyokuwa imepinduka kwenye kona, ambayo mwenyewe alitaka tu iondolewe uani kwake. Injini tuliitoa kwenye gari jingine lililogongwa nyuma. Kabureta ya pili Muthama aliipata kwa kumsaidia fundi mwenzake kushusha giaboksi ya basi. Matairi yalikuwa vipara, na kwenye lami kavu kipara si kibaya kama watu wanavyodhani, ingawa mvua ikinyesha usithubutu.

Na kwa kuwa hatukuwa na uwezo wa kununua nguvu, Muthama aliamua kupunguza uzito. Akatoa kiti cha abiria. Akatoa vioo, akaweka nailoni. Akang'oa bampa, taa, na bodi yote ya nyuma, huko nyuma ikabaki chesisi tupu juu ya magurudumu. Kila jioni alilizunguka gari akitafuta cha kutoa. Hata breki za nyuma alizitazama kwa tamaa, mpaka mama akamwambia akizigusa atafute pengine pa kula.

Kilo zangu zilikuwa sehemu ya hesabu hiyo. Kitu ambacho kaka hakukihesabu ni kwamba tangu nimalize shule, mimi ndiye niliyekuwa nikipeleka maziwa mjini kwa gari la baba. Mlima wa Kola wakati wa mvua ni utelezi mtupu. Ukiachilia klachi kwa pupa, magurudumu yanazunguka, gari linarudi nyuma, na maziwa yanamwagika. Mguu wangu ulisomea pale.

Siku ya kulijaribu gari tulikwenda kwenye barabara ya murram, ya udongo bila lami, iliyonyooka karibu na shamba letu. Muthama ndiye aliyekaa kwanza. Injini ilinguruma vizuri sana, lakini gari halikuondoka. Magurudumu ya nyuma yalizunguka palepale yakirusha vumbi. Nikakaa mimi. Nililiondoa, ila lilikuwa likitambaa na kuteleza kama lililokanyaga sabuni. Kaka akalaumu petroli. Halafu akalaumu plagi. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Mwishowe akaamua kwamba gari bado ni zito, akachukua spana akatoe na milango.

Ng'ambo ya barabara alikuwa mjomba wetu Kilonzo, ndugu yake mama, akilima kwa ng'ombe wake wawili. Mjomba hakuwahi kumiliki hata baiskeli. Aliwasimamisha ng'ombe, akaja polepole, akatutazama. Akamwuliza Muthama anatoa milango ya nini. Muthama akamweleza, kwa heshima lakini kwa haraka, kama kijana anavyomweleza mzee jambo ambalo hatarajii alielewe.

"Plau ikirukaruka juu ya udongo mgumu," mjomba akasema, "mimi sipunguzi kitu. Naweka jiwe."

Muthama alicheka. Kisha akaacha kucheka, maana alikuwa fundi wa kweli, na fundi wa kweli hawezi kulisikia jambo la maana akajifanya hakulisikia. Tukaenda mtoni, tukajaza magunia mawili ya mchanga, tukayafunga kwa kamba juu ya ekseli ya nyuma. Safari hii matairi yakashika ardhi, na gari likaondoka hadi nikashtuka.

Furaha yangu haikudumu. Muthama alipangusa mikono, akasema kwamba kama ni uzito unaotakiwa, basi hakuna haja tena ya mtu mwepesi. Ataendesha mwenyewe. Alilisema bila ubaya, kama mtu anayebadilisha spana moja kwa nyingine. Iliniuma sana. Niliokota mtungi wa maji tuliokuja nao nikaanza kuelekea nyumbani, na nilikuwa nimeshaanza kufikiria jinsi nitakavyomweleza mama.

"Nduku," mjomba akaniita. "Unangoja nani akusemee? Kama hii kazi huijui, nyamaza. Lakini kama unaijua, usinyamaze hapa halafu uende kumlilia mama yako jikoni."

Mwanangu, wazee wa kwetu hawakuwa na maneno ya sukari. Nilisimama pale na mtungi wangu, aibu imenijaa, na kwa kitambo nilimchukia mjomba kuliko nilivyomchukia kaka. Kisha nikarudi. Nikamwambia Muthama kwamba klachi ninaijua kuliko yeye, na kama anabisha tujaribu sote wawili, magunia yakiwa palepale. Akasema haya.

Akaondoka yeye, nikaondoka mimi. Mjomba aliinama akaitazama ardhi kama alivyozoea kutazama mstari wa plau. Alipoondokea kaka palikuwa na mitaro miwili. Nilipoondokea mimi palikuwa na alama za matairi tu. Mjomba hakutoa hukumu. Alirudi kwa ng'ombe wake. Muthama aliitazama mitaro ile, akanipa ufunguo.

Mbio zenyewe zilifanyika kwenye kiwanja cha zamani cha ndege ndogo ndani ya ranchi moja upande wa Athi River. Watu walipoliona gari letu la nailoni na kamba walicheka, na waliponiona mimi nikiingia wakacheka zaidi. Wembamba wa reli, gari moshi hupita. Bendera iliposhuka, gari la mpwa wa Bwana Abdi liliunguza matairi likatoa moshi mwingi. Mimi niliachilia klachi kama nimebeba maziwa, nikaenda. Alinifuata kwa kasi ya kutisha, na kama njia ingekuwa ndefu kidogo angenipita. Tulishinda kwa urefu wa boneti.

Bwana Abdi akaja akatupongeza. Akamwuliza Muthama, wala si mimi, kwa nini aliweka msichana. Kaka akatazama chini, akajibu kwamba ni kwa sababu mimi ni mwepesi. Hakukusudia kunidharau. Ndilo jibu lililokuwa karibu na ulimi wake.

"Si wepesi, Bwana Abdi," nikasema. "Huko nyuma kuna magunia mawili ya mchanga. Mimi niko hapa kwa sababu najua klachi kushinda kaka yangu."

Mzee yule akalizunguka gari, akayagusa magunia, akamtazama Muthama. Muthama akakubali kwamba ni kweli. Bwana Abdi akasema malori yataanza kuja Jumatatu, na kila lori likitoka karakana sharti nilijaribu mimi kabla dereva wake hajalipokea. Niliyajaribu malori yale mpaka nikaota mvi.

Siku hizi nawaona vijana wa hapa mjini wakifungua vigari vyao uani na kutupa viti nje. Sikukatazi, mwanangu. Unda gari lako kwa mabaki uliyo nayo, ukashindane mahali palipofungwa, na breki usiziguse. Ila kabla ya kutoa kitu chochote, kiwe cha gari au cha maisha yako, uliza kwanza kinashikilia nini. Na watu wakikuchagua kwa sababu ndogo, usisuse, ingia ufanye kazi. Lakini uijue sababu kubwa moyoni mwako, na siku wakitaka kukutoa uiseme wewe mwenyewe, kwa adabu na bila kuzunguka. Mimi nilisukumwa na mjomba. Wewe huenda siku hiyo ukawa peke yako.

Basi Mungu akujalie mguu mtulivu na kinywa kisichochelewa, na popote mwendo wako utakapokupeleka, akufikishe mzima kwa wanaokungoja.