Tukutuku Iliyonitoa Idsowe

Miaka ile ya hamsini, Garsen nzima ilikuwa na tukutuku moja tu. Siku hizi mnaziita pikipiki. Mwenyewe alikuwa Msomali mwenye duka la nguo na sukari. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikuwa tarishi wa jeshi, akibeba barua za maofisa juu ya tukutuku ya chapa hiyohiyo ya Kiingereza. Jeshi lilipouza zile kuukuu, akanunua moja ya kijani. Chapa nyingine hakutaka hata kuzisikia.

"Hii nimeitumbukiza mtoni, nimeiangusha kwenye mawe, na bado inawaka," alikuwa akisema.

Mimi nilikuwa nimeolewa kijiji cha Idsowe juzijuzi tu. Siku moja, nikivuna mpunga na mama mkwe, nikaumwa na nyoka mguuni. Mume wangu alikuwa amesafiri kwenda Kipini. Majirani wakaanza kutafuta kitanda cha kunibebea hadi zahanati ya Garsen, lakini mguu ulikuwa umeshavimba mpaka gotini na ulimi wangu umekuwa mzito. Ndipo tukasikia ngurumo barabarani. Yule mwenye duka alikuwa amekuja kununua mchele.

"Mpandisheni," akasema.

"Hawezi kujishika," mama mkwe akamjibu.

Akasita. Kufungwa pamoja na mwanamke asiye ndugu yake, mbele ya watu, halikuwa jambo dogo kwa mcha Mungu kama yeye. Mama mkwe akavua leso yake ya juu, akaizungusha viunoni mwetu, akakaza fundo.

"Leo huyu ni dada yako. Nenda!"

Nusu ya njia gurudumu likazama katika tope jeusi. Wachungaji wa Kiorma wakaacha ng'ombe wao, wakaiinua tukutuku pamoja na sisi juu yake. Mwenye duka alipoikanyaga kuiwasha, ikawaka papo hapo.

"Dada, usilale! Mpunga wenu mwaka huu umekuwaje?"

Nilikasirika. Mtu ninakufa, ananiuliza mpunga! Hasira ile ndiyo iliyoniweka macho mpaka zahanati, ambako dresa, msaidizi wa daktari, alinichoma sindano.

Nikapona. Tangu hapo, kila mavuno, mimi na mume wangu tulimpelekea mchele mpya, na wanangu wote walimwita mjomba hadi alipofariki.

Kiwanda kilichotengeneza tukutuku zile, nasikia, kilifungwa zamani. Lakini majuzi mgeni mmoja alisimama Minjila akiendesha tukutuku ya chapa ile, ya kijani vilevile, imetunzwa ikang'aa. Vijana wa bodaboda wakaziacha zao mpya, wakaizunguka. Nikagusa tangi lake, lilikuwa bado la moto.

"Bibi, unaijua hii?" mgeni akaniuliza.

"Ndugu yake aliwahi kunibeba."

Akazima injini ili anisikilize. Nikamsimulia yote, kisha nikamwombea dua kaka yangu wa Garsen. Nikawaombea pia mafundi wa Uingereza nisiowajua, waliokaza zile skrubu vizuri namna ile.