Atestasyo ya Mwenendo Mwema ya Ng'ombe Bihogo

Minye sijapanda ndege hata siku moja, lakini mukiniuliza habari za Orlin, kijiji kimoja cha Nebraska kule Amerika, nitawaambia mpaka muchoke. Najua nani amepaka nyumba yake rangi. Najua mbwa wa nani anafukuza magari, ijapokuwa magari yenyewe ni ya kuhesabu. Watu wa pale wako sabini na moja, na hesabu hiyo wameiandika kwenye kibao pale pa kuingilia, sijui wanamwonyesha nani. Siku Igiraneza alipohamia huko na mume wake Tuyishime na watoto watatu, muntu mmoja alitoka na kopo la rangi, akafuta sitini na sita, akaandika sabini na moja. Hapa Uvira mukihama watu watano, hata jirani wa ukuta mmoja anamaliza wiki mbili hajajua.

Haya yote yananijia kwa sababu ya telefone yangu. Igiraneza ni binti wa muzee Sebagenzi, na muzee Sebagenzi anakaa chumba cha nyuma ya nyumba yangu mwaka wa kumi na mbili sasa, tangu aliposhuka kutoka Mulenge, kule milimani, na fimbo, koti na redio. Ng'ombe hata mmoja hakuja naye. Alikuwa nao arobaini, vita vikawachukua wote. Minye ni Mufuliiru wa tambarare, nauza ndagala, visamaki vya ziwani, na kwangu ng'ombe ni nyama inayotembea. Nilimwambia hivyo wiki ya kwanza, akakaa siku tatu bila kunisalimia.

Kwa sababu telefone yake ni ile ndogo ya tochi, sauti za Igiraneza zinaingia kwangu. Zinaingia saa saba mchana, wakati kwao ndiyo kunapambazuka. Muzee anakuja kukaa karibu na meza yangu, anashika fimbo yake, nafungulia sauti, na wateja nao wanasogea. Hivyo ndivyo mutaa wetu wote ulivyojifunza Orlin.

Tulijifunza kwamba kuna duka moja tu, na linauza mafuta ya gari, mikate, misumari na minyoo ya kuvulia samaki. Jengo refu kuliko yote ni ghala la mahindi, na Tuyishime anafanya kazi pale. Muzee aliuliza mara tatu kama ni kweli, kwamba huko Amerika mahindi ndiyo yanakaa katika gorofa na watu wanakaa chini. Kanisani ni watu kumi na tatu, na kila mumoja ana benchi yake peke yake. Mukikutana barabarani, dereva anainua kidole kimoja juu ya usukani, na hiyo ndiyo salamu, imeisha, hakuna habari za watoto wala za usingizi. Adhuhuri king'ora kinalia kijiji kizima. Siku ya kwanza Igiraneza alikimbiza watoto chini ya kitanda, kumbe wanatangaza tu kwamba ni saa sita, kwa watu sabini na moja ambao kila mumoja ana saa yake.

Lakini jambo lililomuuma Igiraneza ni mlango wake. Miezi minane hakuna aliyeingia. Walimletea keki, ndiyo, keki nyingi, lakini waliziweka kwenye ngazi, wakagonga na kurudi mbio katika gari. Minye nilikasirika kwa niaba yake. Muntu anakuletea chakula kisha anakukimbia, hiyo ni adabu ya wapi?

Basi, mwezi wa saba wana sikukuu yao, na kijiji kinafanya maandamano. Igiraneza alituma video. Kwa sababu barabara ni fupi, maandamano yalipita mara mbili ili watu wapate kuyaona vizuri, na kwa sababu karibu kila muntu alikuwa anaandamana, waliokuwa wanatazama ni sita. Likapita gari la zimamoto. Ikapita trakta. Halafu akapita muzee mumoja mrefu, mwenye kofia, jina lake Delbert, anavuta kwa kamba ng'ombe mwekundu mwenye pembe za kujaza barabara. Pembe zilezile za ng'ombe wa milimani kwetu.

Muzee Sebagenzi alisimama. Fimbo ilianguka juu ya ndagala zangu na hakuiokota.

"Huyu ni Bihogo," alisema.

Nilimwambia muzee, tulia, Bihogo wako alipotea miaka kumi na mbili iliyopita, na hata wakati ule alikuwa mkubwa. Akasema basi ni mjukuu wake, tazama ile alama nyeupe juu ya jicho. Nikamuuliza, na hiyo bahari je, ng'ombe aliivuka namna gani?

"Hata binti yangu aliivuka," alinijibu.

Nikaokota fimbo.

Kesho yake Igiraneza alituletea habari kamili. Ng'ombe yule si wa vita wala nini. Baba yake Delbert alinunua mama wa ng'ombe huyu kwa muntu aliyekuwa anafuga wanyama wa kuonyesha watu. Delbert sasa ana miaka themanini na moja, mke amekufa, magoti yamekataa, na watoto wake walio mbali wanamtaka ahamie nyumba ya wazee mjini. Siku ya posho, Jumamosi ya wiki ile ile, anauza kila kitu: trakta, vitanda, kuku. Ng'ombe hakuna aliyemtaka akiwa hai. Mwenye baa alitaka pembe azitundike juu ya chupa zake, na nyama iende kwa muchinjaji. Muzee alisikia mpaka mwisho. Akaniomba nirudishe pale penye pembe na baa, akasikia tena. Niwaambie ukweli, nilimwogopea. Nilidhani tutamzika kwa sababu ya ng'ombe wa Wamerika.

Siku ile hakula. Kesho yake asubuhi alinikuta ninapanga ndagala, akanitangazia amekata shauri: atamgabia Delbert yule ng'ombe.

Nilimtazama. Nikamuuliza, muzee, unawezaje kumpa muntu ng'ombe ambaye tayari ni wake?

Alinieleza taratibu, namna munavyomweleza muntu wa ndagala. Kwao, nikikupa ng'ombe, si zawadi tu. Tangu siku hiyo sisi ni ndugu. Huwezi kumuuza wala kumchinja bila kuniambia. Ukitaka kuapa mbele za watu, unaapa kwa jina langu niliyekupa ng'ombe. Na siku akizaa, unanirudishia ndama. Ng'ombe wa kununua unamfanya unavyotaka, hana mwenyewe ila wewe. Ng'ombe wa kupewa ana watu. "Yule Delbert hana muntu aliyempa," alisema. "Ndiyo maana anamtupa."

Nikasema sawa, lakini Mwamerika ataamini nini bila karatasi? Hapo ndipo minye mwenyewe niliingia katika wazimu huu, nakiri. Tulikwenda kwa shefu wa kartie, mkubwa wa mutaa wetu.

Shefu alisikiliza kesi yote bila kucheka, kwa sababu amezoea. Akasema fomu ya kugaba ng'ombe hana, fomu aliyonayo ni atestasyo ya mwenendo mwema, cheti cha muntu asiye na kesi, na huyo anayeombewa lazima afike mwenyewe katika biro, hapo ofisini pake. Tukamwambia yuko Amerika. Akasema kama yuko Amerika, basi picha ya paspoti.

Kwa mupiga picha tulitoa sura ya Bihogo katika video. Picha ikatoka safi, lakini pembe zimekatwa, hazikuenea. Muzee akaikataa. Alisema bila pembe huyo ni muntu mwingine. Wakachapisha nyingine, ndefu ya kulala, na ilipobandikwa ilifunika nusu ya fomu pamoja na neno Jamhuri. Shefu akaanza kujaza. Jina: Bihogo. Ameolewa? Muzee akasema mjane. Kazi? Muzee akafikiri, akasema mama wa familia. Makao: Orlin. Mwenendo: shefu akauliza kama amewahi kupigana, muzee akaapa kwamba katika ukoo wake hakuna. Chini, katika nafasi ya maoni, shefu aliandika kwa mukono wake kwamba Sebagenzi anamgabia Delbert ng'ombe huyu kwa moyo mweupe, mbele ya shahidi Célestine, muuza ndagala. Akapiga kashe tatu, mihuri ya serikali. Biro ile iliingiliwa na maji ziwa lilipopanda, na tangu hapo kashe inaandika upande mumoja tu, ndiyo maana alipiga tatu.

Ilikuwa ndiyo siku ya posho, siku ya mauzo. Nilipiga picha ile karatasi, nikaituma, na muzee akasema sauti yake ndani ya telefone, majina ya ng'ombe wake wote arobaini mpaka Bihogo. Halafu tukangoja. Tulingoja saa saba ikapita, saa nane, saa tisa. Mvua ikanyesha, hakuna aliyetoka. Mama mumoja aliyekuwa amekuja kununua kilo moja alikaa mpaka kilo ikalowa.

Sauti ikaingia. Igiraneza alikuwa anahema. Alifika kwa Delbert, mauzo yamekwisha anza, gari la muchinjaji limefunguliwa nyuma, na Bihogo tayari mguu mumoja uko juu. Akamfungulia sauti ya baba yake, akamtafsiria majina moja moja, kisha akamsomea karatasi. Delbert aliichukua telefone mkononi akazitazama sana zile kashe. Akamuuliza kama huyu muzee anataka kitu gani. Igiraneza akamwambia hataki kitu, amekupa ng'ombe tu. Delbert akauliza sasa yeye anatakiwa kusema nini. Akafundishwa. Na mbele ya kijiji chote, na muchinjaji, na mwenye baa aliyekuja na mita ya kupima pembe, Delbert alivua kofia akasema: "Sebagenzi amenipa ng'ombe."

Akamshusha Bihogo kwenye gari. Na kwa sababu muntu aliyepewa ng'ombe hawezi kumwacha ng'ombe huyo, yeye akaenda kukaa mjini, aliingia ndani akarudisha kitanda chake kilichokuwa nje kinangoja mununuzi. Trakta iliuzwa. Kuku waliuzwa. Kibao kikabaki sabini na moja.

Muzee Sebagenzi aliinuka. Alivuta kiti chake mpaka mvuani, akakaa hapo, na sisi tulimwacha alie.

Tangu siku hiyo kuna mambo kule Orlin. Delbert anafika kwa Igiraneza bila kupiga simu, anaingia, anakaa, anakunywa chai ya maziwa, hana shida yoyote, amekuja tu. Majirani walishangaa, halafu mmoja baada ya mwingine nao wakaanza kuingia, sasa Igiraneza analalamika hapumziki. Na wale wazee wanaokunywa kahawa dukani saa kumi na mbili asubuhi, mumoja akimbishia Delbert juu ya mvua, Delbert anaapa kwa Sebagenzi aliyempa ng'ombe, na ubishi unaisha.

Juzi Bihogo alizaa. Ndama jike, mwekundu, wa dume la jirani. Igiraneza alituma picha, na katika sikio la ndama kuna kile kibati cha njano wanachowavalisha ng'ombe wao kwa namba. Hiki hakikuwa na namba. Delbert alikuwa ameandika kwa mukono wake: SEBAGENZI.

Nilimpa muzee telefone mwenyewe aishike. Mutaa ulikuwa umejaa, wote tunamngoja. Alitazama, akasogeza karibu na macho, akatazama tena. Kisha akawaka. Nani aliwapa ruhusa ya kutoboa sikio la ng'ombe wake? Hawakuweza kumuuliza kwanza? Na ndama mwembamba namna hii wanamnyima maziwa ya mama yake, au nini? Akaniamuru nimwite Igiraneza saa hiyohiyo, niulize kama Bihogo amekunywa maji, na nani anamlinda ndama wake.

Watu walimtuliza, eti muzee, ni mtoto mchanga tu, usikasirike. Minye sikumtuliza. Miaka kumi na mbili nimekaa na muntu huyu, nilikuwa sijamsikia hata siku moja akigombana juu ya mali yake.