Tulivyozihukumu Timu za Marekani Mashineni

Pale ninapokoboa mpunga wangu pana televisheni ukutani, ili wenye magunia wasichoke na foleni. Kifurushi kiliisha, ikabaki stesheni moja inayoonyesha mpira wa kikapu wa Marekani, basi sisi wazee wa Ifakara tukawa wataalamu wa kikapu kwa kukosa kingine cha kutazama. Mimi shule niliishia darasa la pili, tena kwa kuruka ruka, maana kijijini kwetu Mofu samaki hawakungoja kengele. Lakini kikapu nakielewa.

Mwenzangu wa kutazama ni Msukuma mmoja, jirani yangu wa shamba. Alikuja bondeni na ng'ombe, wakanilia mpunga, tukagombana mpaka tukazoeana.

Siku moja fundi wa mashine akatueleza kwamba kule Marekani timu ikikosa watu, mwenye nayo anaihamishia mji mwingine, na jina lake. Nikasema huo ujinga. Sisi wa Mofu mto ulipotufurusha tulibeba mabati, milango na kuku. Jina la kijiji tuliliacha lilowe. Nikatoa hukumu: timu mbovu zifutwe, na wale warefu waje huku kufukuza ndege kwelea kwelea mashambani.

Msukuma akakataa. Ng'ombe akikonda, akasema, humchinji, unampeleka penye majani. Timu ihamishwe. Foleni nzima ikagawanyika, mama mmoja wa kijiji cha Mbingu akasahau hata zamu yake.

Kumbe mwenzangu alikuwa na lake. Tulipokuwa tunashusha gunia akaniambia wanawe wanahamia Tunduru na mifugo, wanataka aende nao. Alisema kama mtu anayeomba chumvi. Mimi nikasema pumba zimeniingia machoni, nikatoka nje kidogo.

Niliporudi nikabadilisha hukumu. Timu yoyote isihame, hata ile inayofungwa kila siku.

Fundi akacheka. "Babu, si umesema zifutwe?"

"Nilisema kabla sijala."

Msukuma hakucheka. Akamuuliza fundi, "Timu ikihama, watazamaji wake nao wanachukuliwa?"

"Hapana, mzee. Wanabaki."

"Wanabaki wanamtazama nani?"

Fundi akajifanya kukaza mkanda wa mashine. Ikabidi nijibu mimi. "Wanatazama mbu, mla michembe ya viazi wewe."

"Na wewe mla kambale," akasema, "huwezi hata kutazama mbu peke yako."

Jioni aliwaambia wanawe watangulie na ng'ombe, yeye atafuata nyuma, Wamarekani wakishaamua timu ipi ihame. Ng'ombe wameondoka. Wanawe wanapiga simu kuuliza, anawajibu kwamba wakubwa bado wako kikaoni. Mke wangu anasema hao Wamarekani hawajui kama kuna mtu Ifakara anawangoja. Na wasijue. Sisi tunakwenda mashineni hata siku ambazo hatuna mpunga, na fundi hutuamkia shikamoo kwanza ndipo atuombe tuwapishe wenye magunia.